Samuel Kamau Wanjiru: Dhahabu ya Beijing na Nyumba ya Nyahururu

Jumapili iliyopita baada ya ibada, vijana watatu wa mazoezi, wale mnaowaona alfajiri wakikimbia kwenye barabara ya kwenda Sotik, walinisimamisha pale nje. Walitaka kujua inakuwaje mtu awashinde wakimbiaji wa dunia nzima, halafu ashindwe na mambo ya nyumbani kwake. Sikuwa na jibu la kusimama. Nikawaahidi kwamba wiki hii, kwenye ukurasa huu, nitawasimulia maisha ya mtu mmoja. Wakati huyu mtu anashinda dhahabu wao walikuwa wanabebwa mgongoni na mama zao, kwa hiyo hawamkumbuki. Sisi wengine tunamkumbuka sana.

Samuel Kamau Wanjiru alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986, upande wa Nyahururu. Mji ule uko juu, baridi yake ni kama ya Kericho ama zaidi, na ni pazuri kwa mazoezi. Jina Wanjiru ni la mama yake. Mama alimlea peke yake, yeye na ndugu yake, katika umaskini ambao hauhitaji maelezo marefu kwa wasomaji wa hapa. Alianza kukimbia akiwa mtoto wa shule ya msingi. Karo ya sekondari haikuwepo, na kwa watoto wengi hadithi ingeishia hapo.

Kwake haikuishia, kwa sababu ya Japani. Kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Wajapani wanapenda sana mbio za kupokezana barabarani, wanaziita ekideni, na shule zao huchukua vijana wa Kenya, zikawasomesha, ili wawakimbilie. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, Wanjiru alipanda ndege kwenda mji wa Sendai, shule ya sekondari inayoitwa Sendai Ikuei. Hebu fikiria mtoto wa darasa la nane kutoka kwetu, hajawahi kulala Nairobi, anashushwa mahali asipojua hata neno la kuomba maji. Lakini akajifunza Kijapani mpaka akakizungumza vizuri. Alishinda mbio za nyika za Fukuoka, akasaidia shule yake katika ekideni, na alipomaliza mwaka 2005 akaajiriwa na timu ya kampuni, Toyota Kyushu.

Kule timu ya kampuni si mchezo wa jioni. Mkimbiaji ni mfanyakazi. Analala kwenye bweni la timu, anakula chakula cha timu, saa ya kuamka na saa ya kulala imepangwa. Kocha wake alikuwa Koichi Morishita, aliyepata medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona 1992. Huyo alikuwa ameipitia njia yenyewe, na alijua inaelekea wapi.

Matunda yalikuja haraka mpaka watu wakashangaa. Agosti 2005, huko Brussels, kijana wa miaka 18 alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 sekunde 41, rekodi ya dunia ya vijana. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Septemba, akaenda Rotterdam akavunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni: dakika 59 sekunde 16. Aliyekuwa ameishika rekodi hiyo ni Paul Tergat, na alimpita kwa sekunde moja. Haile Gebrselassie wa Ethiopia akaichukua Januari 2006. Wanjiru akairudisha Februari 2007 kule Ras Al Khaimah, halafu Machi akaishusha tena mjini The Hague, dakika 58 sekunde 33. Kumbuka bado alikuwa na miaka 20. Desemba mwaka huo huo akajaribu marathoni nzima kwa mara ya kwanza, huko Fukuoka, akashinda kwa saa 2 dakika 6 sekunde 39.

Halafu ukaja mwaka 2008. Watu wa Ndanai hamhitaji mimi niwaambie mwaka ule ulianzaje. Mpaka wetu na majirani wa Borabu uliwaka, wengine wenu mlilala nje, na kuna nyumba ambazo hazikujengwa tena. Hata wakimbiaji hawakusazwa. Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki, aliuawa karibu na Eldoret siku ya mwisho ya 2007. Wesley Ngetich, mkimbiaji wa marathoni, aliuawa kwa mshale Januari kule Trans Mara, si mbali na sisi. Majina ya makabila yalikuwa mazito mdomoni wakati huo. Mkikuyu na Mkalenjin walikuwa wanatazamana kwa jicho la pembeni hata dukani.

Ndipo ikafika Jumapili, tarehe 24 Agosti 2008. Marathoni ya wanaume ya Olimpiki ilianza Beijing asubuhi, huku kwetu ni saa nane na nusu usiku. Nilikuwa kijana wa sekondari, niko nyumbani kwa likizo. Baba yangu alikuwa na redio ya betri, aliifungua kidogo sana ili asiamshe watu, na nyumba yote ikaamka hata hivyo.

Sasa wanaojua mbio watakuambia kwamba marathoni ya joto haikimbiwi hivyo. Kukiwa na joto na unyevu kama ule wa Beijing, watu hujivuta, wanaviziana, wanangoja kilomita za mwisho. Wanjiru hakungoja. Tangu kilomita za kwanza alienda kwa kasi ambayo wataalamu waliona ni ya kujimaliza. Kundi likapungua na kupungua. Martin Lel, aliyekuwa amemshinda London Aprili ile, akaachwa. Deriba Merga wa Ethiopia akaachwa. Akabaki Jaouad Gharib wa Moroko, bingwa wa dunia mara mbili, naye kabla ya kilomita ya 40 kamba ikakatika. Wanjiru akaingia kwenye uwanja peke yake. Saa 2 dakika 6 sekunde 32. Rekodi ya Olimpiki ilikuwa ya Carlos Lopes wa Ureno tangu Los Angeles 1984, na huyu kijana aliipunguza kwa karibu dakika tatu.

Tulikuwa tumesubiri sana. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na mtu wa kwetu Kericho, Mzee Wilson Kiprugut arap Chumo, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Dhahabu nyingine zikafuata miaka iliyofuata, lakini ya marathoni hapana. Douglas Wakiihuri alipata fedha Seoul 1988. Eric Wainaina alipata shaba 1996 na fedha 2000. Hao wawili pia walipitia Japani. Dhahabu yenyewe ikaletwa na kijana wa miaka 21. Baba yangu alikuwa ameapa miezi sita kabla kwamba hatazungumza tena na mtu wa kabila lile, na alfajiri hiyo nilimwona akipiga paja na kucheka. Asubuhi tulipofika kanisani kila mtu alikuwa anajua, na hakuna aliyeuliza Wanjiru ni wa wapi.

Mwaka huo wa 2008 ndio pia uhusiano wake na timu ya Toyota ulipofika mwisho. Alirudi kuishi Kenya, akawa na meneja na kocha Waitaliano, akawa anafanya mazoezi pande za Eldoret, na makao yake yakawa Nyahururu. Mimi nilisoma biashara chuo kikuu, na kila nikisoma maisha haya macho yangu yanasimama hapa, hata kuliko Beijing.

Tazama hesabu zake. Aprili 2009 alishinda London kwa saa 2 dakika 5 sekunde 10. Oktoba akashinda Chicago kwa rekodi ya njia ile. Mbio kubwa za marathoni za dunia zina mashindano yao ya pointi, na mshindi wakati huo alipata dola 500,000. Wanjiru akazichukua. Kwa dola ya wakati ule, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 35, mbali na zawadi za kila mbio na malipo ya kualikwa. Mama na mtoto waliokosa karo wako sasa kwenye mji mdogo ambapo kila mtu anajua ni siku gani ndege yake inatua na amebeba nini.

Hundi ya kanisa letu ina sahihi tatu. Mnajua jinsi inavyochosha, mweka hazina akisafiri hata dizeli ya jenereta hainunuliki, na mmenilalamikia. Lakini sahihi tatu zile hazikuwekwa kwa sababu mtu mmoja ni mwizi. Ziliwekwa kwa sababu mtu mmoja huchoka, huhurumia, huogopa, hulewa sifa. Kule Japani maisha ya Wanjiru yalikuwa na sahihi nyingi: kocha, kampuni, bweni, saa ya kulala. Nyahururu ilibaki sahihi moja, ya kijana wa miaka 22. Wote waliomzunguka walikuwa wanakula kwenye mkono wake, na anayekula kwenye mkono wako hawezi kuushika huo mkono ukielekea kwenye glasi. Waliokuwa karibu naye walieleza baadaye kwamba alikuwa mkarimu kupita kiasi. Akiingia mahali, wote wanakunywa. Mazoezi yakawa yanakatika, anapotea siku kadhaa, anarudi, anaahidi.

Na hapa ndipo kipaji kinaweza kumdanganya mtu. Aprili 2010 alitoka katikati ya marathoni ya London, hakumaliza. Ingekuwa mtu wa kawaida, kengele ingelia. Lakini Oktoba ile akaenda Chicago akiwa hajajiandaa vizuri, tumbo limemsumbua wiki chache kabla. Mpinzani wake alikuwa Tsegay Kebede wa Ethiopia, mwembamba, mfupi, hachoki, tena ambaye mwaka wake ulikuwa mzuri. Aliyeshinda kati yao siku hiyo ndiye angechukua zile dola 500,000. Kebede alimwacha, Wanjiru akamfikia. Akamwacha tena, akamfikia tena. Kwenye kilomita ya mwisho walipitana huku na huku kama watoto wanaokimbilia lango. Karibu na mwisho kuna kilima kifupi, na pale Wanjiru akafungua miguu ambayo hakuna aliyejua bado anayo. Saa 2 dakika 6 sekunde 24, Kebede sekunde 19 nyuma.

Nimeitazama mbio hiyo mara nyingi kwenye simu. Kuna wanaosema ndiyo kubwa kuliko Beijing. Mimi huniumiza kidogo. Nafikiri angeshindwa siku ile, pengine angekaa chini akajiuliza. Alishinda, na akarudi nyumbani na pesa nyingine. Hiyo ndiyo mbio ya mwisho aliyoshinda.

Mwisho wa Desemba 2010 polisi wa Nyahururu walimkamata. Alishtakiwa kwamba alitishia kumuua mke wake, na kwamba alikuwa na bunduki aina ya AK-47 bila kibali. Alikana mashtaka, akatoka kwa dhamana. Januari gari lake likapata ajali, akaumia kidogo. Februari mke akaondoa malalamiko yake na wawili hao wakapatana hadharani, kamera zikiwepo. Watu wakashangilia. Kesi ya bunduki ikabaki mahakamani. Aprili ikafika, London ikakimbiwa bila yeye.

Hapo kwa kupatana naomba nisiharakishe. Mtu anapoandika maisha ya bingwa, ni rahisi kumfanya mke awe sehemu ya matatizo ya bingwa, kama vile goti linalouma. Yule mama alikuwa mtu, na watoto walikuwa kwenye nyumba ile. Mwanamke anayeenda kituo cha polisi kusema kwamba mume wake, ambaye mji wote unamwimba, anatishia maisha yake, amefika mwisho wa njia nyingine zote. Nami ni mchungaji, nimeketi kwenye vikao vya namna hiyo hapa hapa kwetu. Najua tunavyofanya. Tunaleta wazee, tunaleta chai, tunawashikisha mikono, tunaomba, tunapiga picha. Kuna nyumba moja nilifurahia kusameheana kwao bila kuuliza kama pombe imeachwa ama vitisho vimekoma. Miezi mitatu baadaye yule dada alirudi kwangu na jino halipo. Tangu siku hiyo nikisoma kwamba fulani na fulani wamepatana, huwa nauliza ni nani aliyebaki kufuatilia wiki ya pili.

Usiku wa Jumapili, tarehe 15 Mei 2011, Samuel Wanjiru alianguka kutoka kwenye baraza ya ghorofa ya nyumba yake Nyahururu akafa. Alikuwa na miaka 24. Tulipata habari Jumatatu asubuhi, watu wakiwa kwenye mistari ya majani chai na redio za simu mifukoni.

Alianguka vipi? Ilisemwa kwamba kulikuwa na ugomvi wa nyumbani usiku ule, mke alikuta mume na mwanamke mwingine. Baada ya hapo maneno yanaachana. Hata maafisa wa polisi hawakusema kitu kimoja: mmoja alisema alijiua, mwingine kwamba aliruka kwa hasira bila nia ya kufa. Mama yake hakukubali lolote kati ya hayo, alisema mtoto wake aliuawa. Nimewasikia wahubiri wakimtumia kijana huyu kama mfano wa mtu aliyejiua, wakaendelea hadi kumpangia mahali alipoenda. Mimi siwezi. Hakuna kati yetu aliyekuwa kwenye baraza ile. Mama mwenye uchungu ana haki ya kuuliza maswali yake bila sisi kumjibia kutoka mimbarini.

Hata kuzikwa kulikuwa na vita. Familia ilienda mahakamani, mama hakutaka mazishi yaendelee kabla ya uchunguzi, na mwili ukakaa karibu wiki nne. Alizikwa tarehe 11 Juni kwenye shamba lake. Watu walikuja wengi mno. Wale aliowanunulia vinywaji walikuwepo, naamini, na wakimbiaji wenzake walikuwepo, na kelele zilikuwepo. Mali ikaanza kugombaniwa.

Vijana wangu watatu, mtataka kujua angefika wapi. Kuna njia moja ya kukadiria. Eliud Kipchoge alizaliwa Novemba 1984, ni kaka wa Wanjiru kwa miaka miwili. Siku Wanjiru anaingia uwanjani Beijing, Kipchoge alikuwa bado mtu wa mita 5,000, na alipata fedha kwenye michezo hiyo hiyo. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg mwaka 2013, akiwa na miaka 28. Dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ni ya Rio 2016, akiwa na 31. Yaani kazi yote tunayoijua ya Kipchoge barabarani ilianza kwenye umri ambao Wanjiru hakuufikia.

Ile rekodi ya Beijing ilidumu. London 2012 haikuguswa. Rio haikuguswa. Kwenye michezo ya Tokyo iliyokimbiwa 2021 haikuguswa. Ilivunjwa Paris, tarehe 10 Agosti 2024, na Tamirat Tola wa Ethiopia, saa 2 dakika 6 sekunde 26. Sekunde sita tu, baada ya miaka 16, na sasa viatu vina sponji nene ambayo mwaka 2008 haikuwepo. Mwenye rekodi angekuwa na miaka 37 siku hiyo. Mzee Kiprugut wetu aliishi hadi 2022, anasalimiwa barabarani na watoto ambao hawakujua Tokyo iko upande gani.